Jambo la Tano

Basi la shule limetushusha Kwihara saa nne,
vumbi jekundu mpaka kwenye soksi.
Mwalimu Mihambo kagawa karatasi:
"Taja mambo matano uliyoyaona."

Moja, mlango wa nakshi. Mbili, kuta za udongo,
nene, zenye ubaridi wa mtungi.
Tatu, ramani iliyoliwa na mchwa.
Nne, mlinzi, funguo kiunoni, anapiga miayo.

Kisha mnyororo ukutani.
Nyamizi, mdogo kuliko sisi sote,
kapitisha mkono kwenye pingu, kwa mzaha.
Ikamwenea.

Hakuna aliyecheka.
Kautoa taratibu, kaufuta kwenye sketi,
kaufuta tena.

Tumerudi Tabora tukila karanga, tukigombea dirisha.
Karatasi yangu, mwalimu,
namba tano iko wazi.
Si kwamba sikuona.