Kipimo Kisichokata

Miaka kumi na saba nakata vilima.
Ofisi yangu iko Nyawera, juu ya duka la misumari,
na ndani ya droo zangu vilima vimelala vipande vipande:
ishirini kwa ishirini, kumi kwa kumi na tano,
hata kile cha mita nane, ambacho mwenyewe
hulala mshazari miguu isitokee kwa jirani.

Kuna mitelemko niliyopima ambayo leo
haidai mpimaji. Mvua imepima,
imefuta, imepeleka hesabu yangu ziwani
pamoja na milango, masufuria, na choo cha shule.

Mwezi wa nne, ujumbe kutoka Kabare:
njoo na utepe, njoo na vigingi,
njoo na karatasi ya notari.
Nikajua: mjane anauza.
Nikafunga vigingi sitini nyuma ya pikipiki.

Mama Nsimire akavihesabu,
akacheka mpaka akashika kiuno.
"Vinne vinatosha. Hivyo vingine
mpelekee mkeo, achemshie maharage."

Tukatembea, yeye mbele na jembe begani.
Migomba ya kasiksi. Mihogo.
Maharage yakiparamia mabua ya mahindi bila kuomba ruhusa.
Chini kabisa kinamasi,
na katikati ya kinamasi jicho la maji,
dogo kama sahani, likipepesa.
"Hilo linanywesha mabomba matatu huko chini,
na wewe pia, siku ambazo mtaa wenu una maji."

Nikamsomea karatasi kwa sauti, kama ilivyo desturi:
kwamba shamba ni lake, atalima, atavuna,
atazikwa humo akipenda;
kwamba kuuza ataweza, lakini zima,
kama ng'ombe anavyouzwa na mkia wake;
kwamba hapatawashwa tanuri la matofali,
wala mkaratusi hautapandwa hatua hamsini kutoka kwenye jicho;
kwamba anayenunua udongo ananunua na ahadi,
yeye, na mwanawe, na mjukuu wake;
na chama cha maji kitakuja kuangalia
mara moja kwa mwaka, mchana, kwa hodi.

"Hapo kwenye hodi," akasema, "rudia."
Nikarudia.

Mugaruka, mwanawe, alikuwa amepanda kutoka mjini,
matope kwenye viatu vyeupe.
"Mama, unafunga mlango na mimi niko ndani."
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Alikuwa na mteja, na ada ya watoto watatu,
na hesabu: viwanja arobaini na sita.

Hesabu yake ilikuwa sahihi.
Mungu anisamehe, mimi pia nilikwisha kuipiga kichwani
kabla sijazima pikipiki, na barabara juu.

Mama akachomeka jembe ardhini.
"Babu yako alitoa kalinzi, ng'ombe mwenye mimba,
ili aingie hapa. Wewe hukuwapo, lakini ulilipiwa.
Sasa nalipa mimi.
Ninayemlipia simjui jina.
Najua tu atakuwa na kiu."

Mugaruka hakutia sahihi. Shahidi akawa jirani,
kwa dole gumba, wino hadi kwenye kifundo.
Ila upepo uliponinyang'anya utepe
ni yeye aliyeukanyaga, akauokota,
akaushika ncha mpaka kigingi cha nne,
uso ameugeuzia upande wa mjini,
bila kuuliza tumefika ngapi.

Nililipwa faranga kidogo na mkungu wa ndizi.
Usiku nikachora: mstari mmoja unaozunguka,
ndani hamna kitu ila alama ya maji.
Mkono wangu ulitaka kuendelea.

Ramani ile haikuingia kwenye droo.
Droo zangu zilichongwa kwa vipande.
Nimeitundika ukutani, juu ya vigingi hamsini na sita,
na leo asubuhi mteja mmoja, kofia mkononi,
ameitazama kwa muda, akauliza:
"Na hiyo, inauzwaje?"

Nikamwambia: nzima.
Akangoja niendelee.