Boyi

Babu yangu Sulpice Mwewa aliitwa hivyo
na watoto ambao meno ya utoto yalikuwa hayajawatoka,
yeye ana mvi, ana wajukuu, ana deni la baiskeli.
“Boyi!”
Magoti yake yaliitika kabla ya mdomo.

Nani aliwaza kwamba ni Kiingereza?
Wazungu wetu walikaripia kwa Kifaransa,
wakagombana wao kwa wao kwa Kiflama.
Neno lilipanda treni huko kusini
pamoja na wachimbaji na mablanketi yao,
likashuka Lubumbashi mji ungali vumbi jekundu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hili lilipewa ufagio siku hiyohiyo.
Likajengewa na nyumba, boyeri,
chumba kimoja nyuma ya lopango,
dirisha la kupita paka,
mlango unaotazama jikoni, usiotazama barabara.

Ndimo ninamolala leo, hapa Makomeno. Ninalipa kodi.
Usiku umeme ukikatika nasoma kwa mwanga wa simu
kamusi ya kuazima chuoni, ina doa la mawese.
Boyi, inasema, ni mtoto wa kiume.
Nikacheka peke yangu: Sulpice,
mtoto wa miaka hamsini na minane!
Nikajiona nimeshika mwizi.

Lakini chini, kwa herufi za sisimizi, maelezo yaliendelea.
Miaka mia saba nyuma, kwao wenyewe,
boyi alikuwa mtumishi, mtu wa chini, wa kutumwa maji.
Mtoto alikuja baadaye,
labda kwa kuwa naye hutumwa.
Basi hawakumkosea babu kwa bahati mbaya.
Neno lilivuka bahari, likavuka mito yote ile,
likarudia kazi yake ya kwanza.

Na kabla ya hapo?
Asili haijulikani, wameandika.
Niliinuka nikafungua sanduku la mama.
Kwenye kitabu cha kazi cha babu,
mahali pa siku ya kuzaliwa,
karani aliandika vivyo hivyo: haijulikani.
Wino umegeuka rangi ya chai.

Asubuhi mke wa mwenye nyumba aliita uani, “Boyi!”
Kijana akaacha jiko la makala, akakimbia,
mkono mmoja una majivu, mwingine una unga wa bukari.
Aliporudi nikamuuliza jina lake.
Akageuka nyuma,
kuona ninamuuliza nani.