Ukingo

Pale barabara kuu inapouvuka Nzoia, ukitokea Webuye,
mkono wa kushoto kuna nguzo arobaini na moja za chuma.
Nazijua moja moja. Nilizisimika mimi,
Mulongo fundi wa kuchomelea,
mwaka ule malori yalipoanza kupita mawili mawili.

Bosi alisema: Fundi, usiache mwanya.
Sikuacha.
Nyuma yangu njia ya miguu ilikuwa bado mbichi
kwa nyayo za watoto waliotoka kuoga.
Nikaifunga. Nikavua miwani myeusi,
nikaenda kula githeri.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili:
ukingo wa mto,
ukingo wa daraja.
Mmoja hukwambia kaa.
Mwingine hukwambia pita.

Sijutii chuma chenyewe. Kazi ilikuwa nzuri.
Trela la miwa liliwahi kuugonga usiku, likarudi barabarani,
na dereva akashuka akaushika kwa mikono miwili
kama mtu anayemsalimu mkwewe.
Kwa hiyo sisemi ung'olewe.

Lakini mto ulikuwa kitu cha kuendewa
kabla haujawa kitu cha kuvukwa.
Chini pale kuna mwamba bapa, tuliuita Meza.
Wavulana walivua kambare kwa pini iliyopindwa.
Jumapili, baada ya ibada, watu walikaa tu.
Kukaa tu!
Tafuta fungu la kukaa tu katika bajeti ya serikali.

Siku hizi anayetaka maji huruka.
Mama Nabangala aliruka na kapu lake la nguo,
gauni likanasa kwenye bolti niliyoiacha ndefu nusu inchi.
Yeye alicheka. Mimi sikulala.

Basi walipoitisha kikao cha maoni, nikaenda.
Hema jeupe, viti vya plastiki, soda moja kwa kila mtu.
Mhandisi ni binti wa kutoka Kapsabet, Jerotich,
simu mbili, viatu safi kuliko sahani yangu.
Wakasema njia ya tatu, wakasema taa za sola.
Nikanyoosha mkono.

Naomba mwanya, nikasema.
Mita moja na robo. Si wa gari, wa mtu na ndoo yake.
Mabati yapishane kama lango la zizi:
mtu apinde apite, lori ligonge lirudi.
Ngazi thelathini na nne, nimezipima kwa fimbo nikishuka kwa makalio.
Chuma cha kuegemeza baiskeli, hata sita.
Na kibao cha kina cha maji,
kwa maana mto huu hujaa kwa mvua ya watu wengine,
huku kwetu jua linawaka.

Karani akauliza: Mtu akizama, nani atawajibika?
Nikamjibu: Leo wanashuka bila ngazi.
Leo nani anawajibika?
Mtu mmoja nyuma alifungua soda yake
na sote tukaisikia.

Mhandisi aliandika. Nilichungulia, macho yangu bado yapo:
*ngazi*, kisha alama ya kuuliza.

Tukaenda kuangalia. Upepo wa malori, vumbi, honi.
Mjukuu wangu Nelima, niliyekuwa nimemshika mkono,
sikuwa nimemshika tena.
Nikaita. Lori la mafuta likapita, daraja likanguruma,
na lilipokwisha, sauti ikatoka chini ya miguu yetu:
Babu! Huku kuna kivuli kirefu!
Kuna mbayuwayu wamejenga kwa tope!

Alipitia mtaro wa maji ya mvua,
mlango pekee nilioshindwa kuufunga.

Mhandisi akainama, akautazama mtaro.
Akavitazama viatu vyake.
Akavivua.

Nilimshikia simu zake mbili.
Moja ilikuwa inalia.