Dobi na Mshale

Mshale ni kijiti kilichogandishwa kwa nta
begani mwa Anselme, fundi wa vigae,
aliyekodiwa kwa faranga mbili
afe tangu asubuhi hadi kengele ya saa kumi.
Damu ni rangi. Baridi ndiyo ya kweli:
Januari ya Paris, jiko limezimika,
na mchoraji hana habari.

"Uchomoe," anamwambia Hortense, "ila usiuchomoe."
Amri gani hiyo?
Hortense ni dobi. Mikono imempasuka kwa magadi.
Mwaka wa kipindupindu alimfulia kaka yake shuka saba;
ya nane akamzika nayo.

Basi kapiga goti, kakishika kijiti,
mara anaona: mfiadini anatetemeka.
Vinyweleo vimemsimama, midomo inageuka majivu.
Hakujiuliza. Mkono wa kushoto ukaacha pozi,
ukavuta pembe ya shuka, ukamfunika mbavu
taratibu, kama afunikaye unga usiingie vumbi.

"Nani kakwambia usogee?"

Kimya.
Kisha brashi ikaanza kukimbia,
kwa pupa, kabla mkono haujarudi.

Leo wamo kanisani, juu ya altare,
katika mji mdogo wa milimani.
Watu huutazama mshale,
huguna, hufanya ishara ya msalaba.
Mimi huutazama mkono wa kushoto,
ule mkaidi,
na pembe ya shuka
ambayo mtakatifu, kwa utakatifu wake,
pengine hakuihitaji.

Anselme aliihitaji.