Redio ya Ng'ombe

Baba alihubiri miaka arobaini na miwili
katika nyumba ya maombi ya mbao, kando ya Mto Tornio,
na mahubiri yake yote, ukiyakamua,
yalitoa tone lile lile: msiipende dunia.
Dunia, kwetu, ilikuwa na kioo na waya wa antena.
Jirani yetu Vilho aliinunua ng'ambo ya daraja,
akaificha katika kabati la mashuka,
na kila wageni walipobisha hodi
dunia ilifungiwa kwa ufunguo, ingali ya moto.
Sisi hatukuwa na nafasi ya dhambi ya namna hiyo.
Tulikuwa watoto kumi na mmoja; makabati yalijaa soksi.

Lakini zizini kulikuwa na redio,
kuukuu, imening'inizwa kwa kamba ya nailoni,
kitufe chake kimeota ukoko wa pumba.
Saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja jioni,
ilipiga tango:
mwanamume fulani akimlilia mwanamke fulani
aliyeondoka pamoja na kiangazi,
na ng'ombe kumi na wanne wakaachilia maziwa.
"Ya ng'ombe hiyo," alisema Baba.
"Ng'ombe hana roho ya kupotea."
Hakuna aliyemuuliza habari za masikio yake mwenyewe.

Tulipokua, kila mtu alirithi kipande chake,
huyu mimbari, yule zizi.
Oiva, kifungua mimba, hata simu yake haina picha;
wanawe hurudi shuleni bila kujua wenzao walicheka nini.
Raakel hukesha na tamthilia kwenye kompyuta,
na kompyuta, anasema, si televisheni,
uso mkavu kama samaki wa chumvi.
Anneli huchuja: hii ina matusi, hii ina wachawi,
hii inafaa, ila dakika ya arobaini fumbeni macho.
Urho aliliombea jambo hili, akajibiwa, akaunda bendi,
magitaa matatu na Zaburi,
wazee wakamwambia Zaburi haikuvaa vizuri.
Mimi nachana tiketi mlangoni mwa sinema, Oulu.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga.
Mimi kwetu niliombewa, kwa jina, mbele ya watu,
nami nimekaa safu ya tatu nahesabu misumari ya dari.
Sikuwachukia.
Sauti zao zilitetemeka kweli.

Tulimzika Baba mwezi wa Machi.
Udongo ulipashwa moto siku mbili ndipo ukakubali sepetu.
Jioni Oiva alitangulia zizini.
Nilimkuta ameikata kamba,
ameiweka redio dirishani, uso ukutani,
kama mtoto mtundu.
Akawavisha ng'ombe mashine. Mashine ikahema tu.
Heluna aligeuza shingo, akamtazama
kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukosea.
Oiva akaimba wimbo wa kitabuni, ule wa makaburini.
Matone.
Akaimba ubeti wa pili.
Heluna akapiga teke, mpira wa mashine ukachomoka.

Robo saa. Viwele vimevimba, vinauma,
na Oiva, ambaye tangu utotoni
hawezi kuona kiumbe kikiteseka, alinitazama.
Nikatazama buti zangu.
Akaiendea dirishani. Akaipuliza vumbi.
Hakuniuliza kitufe ni kipi.
Alikijua.

Mwanamume yule yule, mwanamke yule yule, kiangazi kile kile.
Maziwa yakaja mbio ndani ya bomba la kioo,
meupe, hayana habari.
Oiva akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Heluna,
alivyokuwa akifanya Baba.
"Ya ng'ombe," akasema, bila kugeuka.
"Ya ng'ombe," nikajibu.
Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya buti la mpira,
buti limezama katika majani makavu.
Sikuuangalia.