Chini ya Kikombe

Bi Beryl Colclough hanywi chai kabla hajakipindua kikombe
akitazame kitako.
Miaka thelathini na mmoja alichora sahani hapa Burslem,
majani matatu, kitone cha dhahabu, majani matatu,
na hadi leo, hata matangani kwa watu,
huinua sahani ya mwenyeji juu ya kichwa chake
asome imezaliwa wapi.
"Si yetu," husema. Kisha hula.

Mimi humjia mara mbili kwa siku.
Nimepewa dakika kumi na tano: dawa, soksi, uji wa shayiri,
simu ya ajira ikinihesabia tangu mlangoni.
Ananiita bata. Usicheke,
ndivyo wanavyoitana kwa mapenzi huku,
na bata mimi, mzaliwa wa Muheza,
nainama kumfunga viatu.

Kiwanda kilifungwa Alhamisi.
Anaikumbuka kwa sababu mshahara ulikuwa Ijumaa.
Waliambiwa kazi nyingine zinakuja, nazo zikaja:
ghala moja kando ya barabara kuu
ambako mwanawe, Craig, amefungwa kifaa mkononi
kinachojua amekaa msalani dakika ngapi.
Basi la jioni likaondolewa.
Halafu la Jumapili.
Halafu basi.
Maktaba ikapigiliwa mbao madirishani,
na gego lililomtesa Craig wiki tatu
alilingʼoa mwenyewe, kwa koleo, gerejini.

Kila baada ya miaka kadhaa alikuja mtu
mwenye kofia ngumu isiyo na mkwaruzo,
akapigwa picha mbele ya tanuri lililopoa,
akasema "fursa",
akawahi treni ya saa tisa.
Hawakumtukana Beryl. Laiti wangemtukana,
kwani anayekutukana amekuona.

Ndipo akaja Gavin Mottram.
Alisimama sokoni mvuani bila mwavuli,
akala chapati ya shayiri ya kwao, ile ya jibini,
mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko cha koti,
na kinywa kikiwa bado kimejaa akauliza:
"Nani aliwaibia?"

Swali lile lilikuwa na miaka ishirini mjini
likitafuta mtu wa kuliuliza.
Jibu ndilo lililooza.
Hakuwataja waliouza mashine kwa kilo, kama chuma chakavu.
Hakumtaja mwenye ghala, ambaye hata Craig hamjui jina.
Wale wako mbali, wana ukungu.
Mimi nina sura.
Mimi nipo hapo kituoni, na sare yangu ya buluu,
nangoja basi lile lile lisilokuja.

Redioni wataalamu wanasema ni ujinga,
ni chuki, ni hizi simu.
Simu zipo, sikatai; Craig hulala na yake kifuani
ikimnongʼoneza hadi alfajiri.
Lakini kwetu husemwa ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hasira hii nayo ina mafundi wake.
Ilifinyangwa taratibu, ikaanikwa,
ikachomwa mara mbili kama kaure,
na aliyekuja kuipaka rangi
si yeye aliyechimba udongo.

Jana, miguu yake ikiwa mapajani mwangu,
Beryl aliniambia amempigia kura Mottram.
Aliisema kwa soksi, si kwangu.
"Si kwa ajili yako, bata. Wewe ni wetu."
Nikaliwaza yai la Jumamosi,
lililotupwa garini likanipata shingoni.
Lile halikuuliza mimi ni wa nani.
Ningemwambia. Zilibaki dakika mbili.

Nikaenda jikoni, nikaleta kikombe kipya,
nilichomnunulia mwenyewe, cha bei ya chini,
baada ya kile chake cha zamani kunivunjikia.
Akakipindua.
Akavaa miwani, akakipindua tena,
akapitisha kidole pale palipostahili mhuri.
"Hakisemi," alisema.
"Hakisemi kabisa kimetoka kwa nani."
Simu ikalia.
Akakiweka mezani wima, akanisogezea,
nami nikamimina.