Kitufe cha Kufuta Kimya

Chumba namba tisa kinanuka makoti mabichi.
Nje, Bolton inanyesha tangu Jumatatu,
mvua nyembamba, isiyo na haraka,
kama kibarua anayelipwa kwa saa.
Watoto ishirini na saba, vishikwambi kumi na vinne:
wawili wawili, nikasema, na asiyegombana
nitampa vipokea sauti vyenye sponji zote mbili.

Kazi: hadithi ya nyumbani kwenu. Picha sita,
sauti yako au ya mtu wako. Dakika mbili, basi.
Bwana Entwistle amepiga mstari chini ya *basi*.

Callum kampiga picha mbwa wake. Picha zote sita, mbwa.
Sumayya kaleta cherehani ya nyanya yake,
mlio tu, trrr, mpaka ukaona uzi.
Nsimire ana dakika kumi na tisa.

Bibi yake kazituma kwa simu kutoka Kavumu, usiku,
mbwa akibweka, sufuria ikifunikwa,
na salamu peke yake dakika saba:
mmeamkaje, mama yako anakula, baridi imewaacha,
huyo mwalimu wenu, ana watoto?
Ninao, bibi. Wawili. Nilijibu kimoyomoyo.

Ni mimi niliyemwonyesha. Naliandika nisije nikalikana.
Nilimwonyesha sauti inavyolala kwenye kioo
kama kiwavi wa kijani, hapa kanona, hapa kakonda,
na pale palipobaki uzi mtupu, nikasema, hapana kitu.
Bonyeza hapa, mashine inafuta kimya chote yenyewe.
Akabonyeza. Kumi na tisa zikawa kumi na moja.
Tukagonganisha viganja.

Kisha akasikiliza, akavivua vile vya masikioni.
"Mwalimu, bibi anakimbia."
Kweli. *Hadithihadithipalikuwanachura*.
Mama wa miaka themanini, anakimbizwa na nani?
"Na sisi hatumo," akasema.
"Sisi kina nani?"
"Tunaojibu."

Mimi, mtoto wa Tabora,
niliyelala utotoni na *pakawa* mdomoni kama pipi,
miaka kumi na sita Lancashire nafunza kukata na kubandika,
nimekiona kiti chetu wenyewe
nikakiita hapana kitu.

Kuna kitufe cha kurudisha, mshale uliopinda.
Tulirudisha.

Siku mbili alikata kwa mkono wake.
Alikata salamu, akampigia bibi kuomba radhi.
Alikata mbwa, akamhurumia, akamrudisha.
Alikata mlima mzima, na mke wa pili wa chura.
Kimya hakukigusa.

Ijumaa, kwenye ubao mweupe: picha ya sufuria,
kioo cha basi chenye ukungu na jina lililoandikwa kwa kidole.
"Hadithi!" akasema bibi.
Uzi mtupu. Sekunde nne.
Watoto wakanigeukia, wakidhani imekwama,
Bwana Entwistle akanyoosha mkono kwenye waya.
"Njoo," nikasema. Ilitoka imepinda, sauti ya mtu wa miaka sita.
"Hadithi!"
"Njoo!" Kama kumi hivi, ovyo ovyo, kwa lafudhi ya Bolton.
Mara ya tatu mlango wa chumba namba nane ulifunguliwa.

Palikuwa na chura aliyekopa mvua kwa jirani,
akahama nayo usiku ili asilipe.
"Alihamia hapa!" akapaza Callum,
na ule kimya ambao bibi aliuacha
Kavumu, gizani, asimjue Callum wala mbwa wake,
ulimtosha kama kiatu alichopimiwa.

Fomu ya tathmini ina kisanduku cha muda.
Saa inasema mbili na sekunde thelathini na moja.
Bwana Entwistle kasema tupunguze alama, sheria ni sheria,
akasema huku anapangusa miwani isiyo na vumbi.
Nikaandika: dakika mbili.
Kalamu ikasita.
Nikaongeza: na sisi.